Muulize Fundi: Rangi ya geti la jirani imerukia gari yangu, naitoaje bila kuiharibu?

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Ilazo hapahapa Dodoma, nina RAV4 nyeusi niliichukua mkononi mwaka juzi. Wiki iliyopita jirani alileta mafundi wakampulizia geti na grili za madirisha, gari yangu nimepaki ndani kwangu ila ni ukuta kwa ukuta, na huu upepo wetu si unaujua, jioni natoka naikuta kama imemwagiwa unga. Nikasema vumbi, nikaosha, haitoki, nikipitisha mkono nasikia kama msasa. Shemeji anasema nichukue thina na tambara ni dakika tano tu imeisha, kijana anayeniosheaga gari anasema stilwaya na sabuni ya unga. Mimi naogopa wote wawili. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwalimu, na ahsante kwa kuuliza kabla hujafuta, manake wengi wanaoniandikia kuhusu hii shida wanaandika gari ikiwa imeshafutwa. Na wameongezeka kweli, tangu serikali ihamie huku kila mtaa unajengwa, Ilazo, Kisasa, Nkuhungu, Iyumbu, Mtumba, kote unasikia kompresa inanguruma, na nyumba mpya lazima geti lipulizwe, likipulizwa kiangazi hiki upepo unabeba ukungu wa rangi unaenda kuutua kwa mtu ambaye hata hajui kama kuna geti linapakwa.

Naomba nianze na thina, kwa sababu najua shemeji yako hana nia mbaya na inawezekana kabisa alishawahi kufuta gari yake na haikupata kitu. Thina ni mchanganyiko wa viyeyusho vikali, toluini, asetoni na ndugu zao, kazi yake ni kuyeyusha rangi na haina macho ya kuchagua hii ni ya geti na hii ni ya gari. Rangi ya kiwandani inaokwa kwenye tanuri, joto la kama nyuzi 140, inakuwa ngumu sana, ukiipitisha tambara la thina haraka mara moja pengine isifanyike kitu, na hapo ndo watu wanapodanganyika. Gari ya mkononi wewe hujui bampa ilishagongwa mara ngapi kabla haijapanda meli, wala mlango gani ulipakwa upya hapahapa nchini chini ya mwembe. Hiyo rangi ya gereji haikuokwa, imekauka kwa hewa tu, thina ikiigusa inalainika, inashika tambara, ikikauka inabaki na ukungu ambao hauondoki kwa kuosha.

Na plastiki ndo usiseme. Mimi nikiwa kijana naanza hii kazi nilifuta taa ya mbele ya gari ya mteja kwa thina, vilikuwa vidoti vichache vya rangi ya bati, vikatoka vizuri nikafurahi, kesho yake ile taa imejaa nyufa ndogondogo ndani kwa ndani, kama udongo wa bwawa lililokauka. Taa za magari ya siku hizi ni plastiki ya polikaboneti sio kioo, viyeyusho vikali vinaipasua na hakuna pulishi inayorudisha. Nililipa taa mbili kwa mshahara ambao hata moja haukuitosha vizuri. Kwa hiyo mwalimu nikikwambia thina isikaribie gari yako naongea kitu nilichokilipia.

Stilwaya na sabuni ya unga nayo hapana. Juu ya rangi yako nyeusi kuna koti la klia, ndo linalong'aa na ndo linalokinga jua. Rangi yote ya kiwandani kuanzia praima mpaka juu ni kama maikroni 100 mpaka 150, maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, na humo ndani hilo koti la klia ni kama maikroni 40 au 50 tu, unywele wako mmoja ni kama 70. Sasa chukua kitu chembamba kuliko unywele ukisugue na chuma. Kwenye gari nyeupe pengine usingeona, kwenye nyeusi jua la saa nne likipiga utaona miduara ya mikwaruzo gari nzima.

Habari njema ni kwamba upepo wetu na ukavu wetu umekusaidia kidogo. Tone la rangi likitoka kwenye bomba linaanza kukauka hewani, kwenye hali ya hewa kama ya Dodoma likisafiri mita kumi au ishirini linafika likiwa nusu kavu, linakaa juu ya klia kama kipele, halijayeyukia ndani. Ndo maana unasikia msasa ukipapasa. Kipele kinang'oka. Kingefika kibichi kikajilaza, hapo shughuli ingekuwa nyingine. Ila usiikalie, manake gari ikilala juani boneti inawaka na hivyo vipele vinazidi kushika kila siku, ihamishie kivulini leo.

Halafu nenda kwa jirani, kwa adabu tu, kamuulize mafundi walitumia rangi gani, na kama kuna kopo limebaki mwombe ulione. Hili swali ni muhimu kuliko dawa yoyote utakayonunua. Kama ni rangi ya mafuta ya kawaida, inalainishwa na tapentaini au waiti spiriti. Kama ni ile ya kuchanganya na hadena, yaani dawa ya kugandisha rangi, ile inakauka kwa kemikali, ikishapita siku chache hakuna kiyeyusho cha kistaarabu kitakachoilainisha, utaing'oa kwa klei tu, udongo maalumu nitakaoueleza hapo chini. Na kama ingekuwa rangi ya maji ya ukutani ningekupa jibu jepesi zaidi, nitalisema hapo chini kwa msomaji mwingine.

Kazi yenyewe sasa. Tenga asubuhi moja ya Jumamosi, gari ipo kivulini na bodi imepoa, ukiweka mkono kwenye boneti usisikie joto. Ioshe vizuri, na hapa naomba usiharakishe, kwa sababu vumbi letu hili jekundu lina mchanga ndani yake na ukisugua chochote juu ya mchanga umejikwaruza mwenyewe. Kwanza mwagia maji mengi mchanga uondoke wenyewe, halafu ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla hujakirudisha kwenye shampuu. Na maji yetu ya visima yana chumvi, yakikauka kwenye bodi yanaacha madoa meupe, kausha palepale kwa taulo laini.

Ikishakauka vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019 kwa hiyo tumia ule laini wa mkate, upitishe vidole taratibu. Ule mfuko unafanya vidole visikie mara mbili, utajua ni paneli zipi zimerukiwa na zipi salama, weka alama kwa tepu ya karatasi. Mara nyingi ni upande mmoja, boneti na paa, sio gari yote, na pasiporukiwa usipaguse.

Kinachotoa hivyo vipele ni klei, ule udongo maalumu wa kusafishia bodi, ukiushika ni kama ule wa watoto wa kuchezea, maduka ya vipodozi vya magari wanao, ukikosa Dodoma agiza Dar upakiwe kwenye basi. Chukua ule laini, waambie kabisa laini, sio mkali. Kata kipande, ukande mkononi mpaka ulainike, ufanye bapa la kutosha vidole vitatu. Kama umekuja na maji yake ya kuteleza tumia hayo, kama hauna weka maji safi kwenye chupa ya kupulizia na matone machache ya shampuu ya gari. Puliza eneo dogo, mraba wa kama sentimita 40, liwe linatiririka, halafu pitisha klei kwa kwenda na kurudi mstari ulionyooka, usizungushe, na usikandamize, uzito wa mkono wako tu. Mwanzoni utasikia inakwaruza na kukwama, endelea kupuliza maji, baada ya mapito kadhaa sauti inapungua halafu inateleza kama sabuni. Hapo pameisha. Futa, angalia, hamia pengine.

Kila mara geuza klei uiangalie, utakuta vidoti vya rangi ya geti vimejipanga humo, ikunje vile vidoti viingie ndani upate sura safi. Na ikidondoka chini, mwalimu, itupe. Najua ni hela na najua itakuuma, lakini ikishaokota mchanga wa uwanja wa Ilazo hiyo sio klei tena ni msasa, hata ukiiosha. Ndo maana nimesema kata kipande, usishike yote.

Kuna vidoti vitagoma. Hivyo ndo unavipa tapentaini au waiti spiriti, lowanisha kitambaa laini cha maikrofaiba, kiwekee juu ya kidoti sekunde kama thelathini, futa taratibu, usuuze mara moja kwa maji ya shampuu, kisha rudi na klei. Ila kabla hujafanya hivyo jaribu mahali pasipoonekana, ndani ya mlango chini au nyuma ya bampa, na ujaribu kila paneli unayoishuku ilipakwa upya. Kitambaa kikirudi na weusi, simama hapohapo, hiyo paneli haina klia au rangi yake imelainika. Hiyo iachie klei na uvumilivu. Paneli iliyopakwa rangi mpya ndani ya mwezi mmoja uliopita usiipe kiyeyusho chochote, wala waksi.

Kioo cha mbele na vya pembeni ni rahisi, wembe mpya, kioo kimelowa maji ya sabuni, wembe umelala karibu kabisa na kioo, unasukuma kwenda mbele tu. Kioo tu jamani, wembe usiguse taa wala plastiki. Taa zipe klei na maji ya shampuu, basi.

Ukimaliza gari itakuwa laini lakini uchi, manake klei inaondoka na waksi yote, na kwenye nyeusi inaweza kuacha ukungu mdogo wa mikwaruzo. Piga pulishi laini kwa mkono halafu waksi. Hesabu nusu siku mpaka siku nzima kwa peke yako. Kuhusu jirani kulipia, mwonyeshe gari kabla hujaanza, piga picha za karibu, na mwambie gharama ya klei, pulishi na waksi, watu wengi wakiona wenyewe wanaelewa, ikishindikana mwenyekiti wa mtaa yupo.

SWALI: Fundi mambo, mi nipo Manyoni, nimechelewa kusoma gazeti, nilishatumia thina kwenye boneti ya Noah yangu ya silva. Rangi ya kurukia ilitoka ila boneti imepauka kama ina moshi. Nimeharibu?

JIBU: Poa ndugu yangu, pole sana. Usiiguse kwa siku tatu nne kwanza, klia iliyolainishwa na thina inahitaji muda ule mvuke utoke ndo irudi ugumu wake, ukiisugua sasa hivi unaichimba. Siku zikipita ioshe, halafu mwagia maji ule ukungu. Ukipotea pakiwa pabichi na kurudi pakikauka, ujue uharibifu upo juujuu na pulishi inaweza kuutoa. Pitisha na ukucha, ukikwama kwenye mkwaruzo, huo umezama, usimruhusu mtu aukimbize kwa mashine mpaka uishe manake kitakachoisha ni klia.

Pale ambapo pulishi inaweza, anza na ile laini kabisa, kwa mkono, sehemu ndogo kama kiganja, uone. Fundi akikuambia aanze moja kwa moja na kompaundi kali ya mashine mwambie ajaribu laini kwanza, fundi mzuri hatakasirika. Ukiona panang'aa pembeni lakini katikati panabaki pameparara na kingo zake zinaonekana kama ramani, klia imeshaondoka hapo, na hapo sina dawa ya chupa, ni kupaka boneti upya. Boneti ni paneli moja, sio gari nzima, usikubali kuuziwa kazi ya gari nzima.

SWALI: Habari fundi, nipo Singida mjini, tulipaka ukuta rangi nyeupe ya maji kwa rola, imerukia vioo na zile plastiki nyeusi za pembeni za gari. Ina wiki mbili.

JIBU: Njema dada. Rangi ya maji ndo yenye huruma kuliko zote, ingekuwa siku hiyohiyo ungeitoa kwa maji ya vuguvugu na shampuu. Kwa wiki mbili lowanisha kwanza, weka kitambaa chenye maji ya vuguvugu juu yake robo saa, nyingi italainika uitoe kwa ukucha wa kidole gumba uliofunikwa na kitambaa. Itakayobaki ipe ile spiriti ya duka la dawa, ichanganye nusu kwa nusu na maji, paka, subiri kidogo, futa, suuza. Vioo ni wembe kama nilivyomwambia mwalimu. Hizo plastiki nyeusi zenye vinyweleo usizipe klei, inajaza vitundu na kubaki humo, chukua mswaki laini na hiyohiyo spiriti, sugua kidogokidogo, kausha. Petroli usiweke, inapausha plastiki na inaharibu mipira ya milango, na ni moto unaotembea.

SWALI: Mkuu, mimi dereva, nimepita barabara ya Kondoa wakiwa wanachora mistari, tairi limeokota rangi nyeupe ikarukia mlango mpaka juu ya tairi la nyuma. Imekauka ngumu kama saruji.

JIBU: Rangi ya barabara ina kitu wengi hawakijui, ndani yake wanaweka vishanga vidogo vya kioo ili mstari ung'ae usiku taa za gari zikiupiga. Kwa hiyo ukiisugua ikiwa kavu unasugua rangi yako na kioo. Usisugue kabisa. Pulizia WD-40, ile dawa ya kopo ya kulainisha, au paka mafuta ya taa, acha saa moja, rudia, ikilainika ivute kwa kipande cha kadi ya plastiki kilicholala, iondoke ikiwa vipande, ukishaondoa unene ndo unaosha kwa shampuu kutoa mafuta, na mabaki madogo unayamalizia kwa klei. Inaweza kukuchukua siku mbili kwa awamu. Ndani ya upinde wa tairi pasipoonekana paache, hapana madhara. Siku nyingine ukiona wanachora, punguza mwendo na usikanyage mstari, na ukiukanyaga simama sheli ya kwanza yenye maji, ikiwa mbichi inatoka kwa presha ya maji tu.

SWALI: Fundi shikamoo, mi ni fundi rangi wa mageti hapa Chang'ombe. Mwaka huu nimelipishwa magari mawili na siwezi kuendelea hivi. Nifanyeje rangi isiruke?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, nimefurahi swali hili limetoka upande wako, kwa sababu ungeuliza wewe kwanza wale wengine wasingekuwa na la kuuliza. Puliza alfajiri. Kwetu hapa upepo wa asubuhi saa kumi na mbili mpaka saa tatu umetulia, mchana ndo unaamka, na ukiona vumbi linazunguka barabarani zima kompresa hata kama mteja amesimama nyuma yako. Punguza presha, mafundi wengi tunapuliza kwa presha kubwa tukidhani kazi inakuwa laini, kumbe nusu ya rangi inaenda hewani na hiyo ni hela yako, sogeza bomba karibu na geti, sentimita 20 hivi, na ukifika kwenye ukingo achia kidole kabla hujapita nje. Grili ndo mbaya kuliko geti kwa sababu ina matundu, rangi inapita katikati, nyuma yake tundika turubai lililoloweshwa maji, au grili ipake kwa brashi, inachukua muda lakini hairuki. Kama geti linang'oka ling'oe ukalipulizie mahali pa wazi pasipo magari.

Na kabla hujawasha, piga hodi nyumba za upande upepo unakoelekea, sio moja, tatu, waambie wahamishe magari mpaka saa tano. Usiwaambie wafunike, turubai kavu juu ya gari yenye vumbi kwenye upepo linasugua bodi kuliko hiyo rangi yako. Ikitokea umerukia gari ya mtu na umeiona ikiwa bado siku hiyohiyo, mwambie palepale, maji ya shampuu na klei saa hiyo ni kazi ya nusu saa, ukinyamaza wiki moja juani itakuwa ya siku nzima na itakuwa juu yako. Na kama unatumia ya hadena vaa barakoa yenye chujio la mvuke, sio kitambaa, ule mvuke unaingia kwenye mapafu na wenzangu kadhaa niliofanya nao kazi sasa hivi hawapandi hata ngazi.

Nunua klei yako mwenyewe uweke kwenye begi la kazi pamoja na chupa ya kupulizia maji.